Nyumba ya Madame Irma, Kituo cha Sita

Nilifika Bruseli nikiwa na miaka ishirini na sita, nikidhani najua kutembea. Nilikuwa nimeitembea Bukavu nzima, Kadutu mpaka Nguba, nikipanda na kushuka vile vilima kwa viatu vya kuazima. Kumbe sikujua kitu. Aliyenifundisha kutembea ni mama mmoja Mbelgiji aliyeitwa Godelieve, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Alikuwa na chama kidogo cha watu wanaopeleka wageni kwa miguu katika mitaa ya zamani ya mji, kila Jumapili kuanzia mwezi wa tatu mpaka majani yanapokwisha mitini. Mimi nilikuja kusoma historia. Nchi yetu ilipoanza kubomoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, barua za ufadhili kutoka wizarani zilikoma, na masomo yakakoma nazo. Godelieve alinikuta maktaba ninasoma kitabu juu ya mitaro ya mji huu. Akaniuliza kama ninaweza kuyasema yale ninayoyasoma bila kumfanya mtu alale.

Binti ya dada yangu ananiambia kwamba siku hizi vijana wetu wengi mnaifanya kazi hii katika mitaa ya Matonge, Saint-Josse, Marolles, na mna vipaza sauti vidogo vya kuning'iniza shingoni. Ameniomba niwaandikie yale niliyojifunza. Bon. Nitaandika. Lakini mambo ya kuchekesha ni machache, nitayatoa kwanza ili tubaki na lile ninalotaka kulisema.

Siku yangu ya kwanza peke yangu niliwapeleka watu kwenye uwanja wa mitumba kule Marolles. Nilikuwa nimekariri karne nne za historia ya mtaa ule. Nilikuwa ninatembea kinyumenyume, uso kwa kundi, kama nilivyoona wengine wakifanya, na mikono ikipaa hewani. Katikati ya karne ya pili mguu ulikosa jiwe, nikakaa kitako ndani ya beseni la vikombe vya mzee mmoja aliyetandaza bidhaa zake chini. Vikombe vilivunjika vyote isipokuwa kimoja. Mzee alikiokota, akanipa, akasema, "Chukua, huyu ni shahidi." Kundi lilicheka mpaka wengine wakaketi. Godelieve aliposikia hakucheka. Alisema, "Ukitembea kinyumenyume, watu wanaona kinachokuja kabla yako. Mwongozaji hapaswi kuwa wa mwisho kuona."

Alinifundisha mengine. Simama jua likupige wewe machoni, si wao. Watu wakianza kusogeza miguu, funga sentensi. Hesabu vichwa kila kona, maana kila kundi lina mtu mmoja anayependa kupiga picha milango. Jua choo kiko wapi kabla ya kujua kanisa lilijengwa lini. Mvua ikinyesha usiombe radhi, hukuileta wewe. Na juu ya yote, asubuhi ya matembezi, uipite njia yako yote peke yako, hata kama umeipita mara mia, kwa sababu mji unahama wakati umelala. Hilo la mwisho alilirudia mpaka likanichosha. Nalirudia kwenu sasa, na mtaona kwa nini.

Miaka ile, nyuma ya stesheni ya treni upande wa Ixelles, mitaa mizima ilikuwa inavunjwa ili zijengwe ofisi. Ungekuta nyumba ishirini zimezibwa madirisha kwa matofali, halafu moja ina pazia na ua la dirishani. Godelieve aliniambia nitengeneze njia mpya ya kupita hapo, watu waone kabla haijaisha. Nikaitengeneza. Vituo tisa. Kituo cha sita kilikuwa nyumba nyembamba ya ghorofa tatu iliyojengwa na mfanyabiashara wa glavu zamani sana. Juu ya madirisha, fundi alikuwa amepaka plasta nyeusi, akaweka nyeupe juu yake, kisha akaikwangua ile nyeupe kabla haijakauka ili mchoro utokee: mwanamke mwenye nywele ndefu akivaa glavu, kidole kwa kidole, macho yake yakiangalia barabarani. Mji huu una michoro mingi ya namna hiyo, lakini ile ilikuwa na kitu. Ungedhani amekaribia kumaliza kuvaa na sasa atatoka.

Jumapili ya tatu au ya nne, nikiwa katikati ya maelezo, dirisha la ghorofa ya kwanza lilifunguliwa. Bibi kizee akatoa kichwa.

"Si kweli," alisema. "Huyo hakuwa mke wa tajiri. Alikuwa mshonaji. Mke wa tajiri alikuwa na mikono kama mikate."

Huyo ndiye Madame Irma. Aliingia nyumba ile akiwa na miaka kumi na minne kushona glavu. Karakana ilipofungwa alibaki kama mpangaji, akaolewa humo, akafiwa na mume humo, na sasa alikuwa na miaka sabini na minane, peke yake katika nyumba nzima. Mwenye nyumba alikuwa ameiuza kwa kampuni moja ya majengo. Majirani walikwisha kuondoka. Usiku, alituambia, barabara nzima ilikuwa na taa moja, na ni yake.

Watu walimpenda papo hapo. Jumapili iliyofuata alitungojea mlangoni. Iliyofuata tena, alitukaribisha ndani. Alikuwa na kijiti cha mbao chenye midomo miwili cha kutanulia vidole vya glavu, na alikuwa anashika mkono wa mtu na kutaja kipimo chake bila kupima. "Sept et demi," aliwaambia, yaani saba na nusu. "Six et quart, Madame, wewe ulizaliwa kupiga kinanda." Wangu aliushika muda mrefu. "Huit. Mkono wa kalamu. Lakini mawazo yako yako mbali, Monsieur Murhula. Kwa nini?" Sikumwambia kwamba wiki ile sikuwa nimepata habari ya watu wangu Bukavu, na simu zilikuwa hazipiti. Nilicheka tu, na kundi likacheka nami.

Kufika mwisho wa mwaka ule wa kwanza, watu walikuwa wanapiga simu chamani kuuliza, "Ni yale matembezi yenye bibi?" Vituo vingine vinane vilikuwa njia ya kufika kwake. Alianza kutupikia kahawa, birika kubwa la bati, na biskuti za mdalasini. Kundi likifika alikuwa anapanda ghorofani kwanza, afungue dirisha lile, aseme "Si kweli", watu wacheke, kisha ashuke kutufungulia. Nani alimwambia afanye hivyo kila Jumapili? Mimi. Nilimwambia kwamba watu wanapenda sana pale anapotokea dirishani.

Niwe mkweli: nilikuwa na nia njema pia. Tulianza kukusanya sahihi ili nyumba isivunjwe. Kila mgeni alipotoka jikoni mwa Irma alikuta karatasi mezani na kalamu. Nilimwambia Irma, si mara moja, "Watu wengi namna hii wakiandika majina, hawawezi kuigusa." Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea risiti.

Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, nilikuta mtu mpya jikoni. Mama wa miaka arobaini hivi, kitambaa kichwani, anakausha vikombe. Komini, yaani serikali ya mtaa, ilikuwa imempeleka kama msaidizi wa nyumbani: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakuja kumwogesha Irma, kumpikia, kumnunulia vitu. Siku ile ilikuwa Jumapili, hakulipwa na mtu, alikuja kwa sababu alijua kundi litakuja na bibi atachoka. Aliponisikia nikitaja jina langu aliniangalia.

"Wewe ni mutu wa Kivu?"

"Bukavu."

"Mimi Buyenzi, Bujumbura. Naitwa Zuhura."

Alikuwa amekimbia na watoto wawili baada ya mauaji ya kule kwao. Mume hakufika. Hayo aliyasema kwa sentensi mbili na sikuuliza ya tatu. Kundi lilipotoka kwenda kuangalia ua wa nyuma, alinivuta kando ya jiko. Irma alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya kitambaa, akitutazama kwa furaha kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

"Kaka, nikuambie kitu, usikasirike."

"Sema tu, dada."

"Huyu mama amepewa nyumba. Anderlecht, nyumba za komini. Rez-de-chaussée, chini kabisa, chauffage iko, hakuna baridi, hakuna ngazi. Mimi mwenyewe nilimujazia makaratasi. Wanamungojea mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, kisha wanamupa mwingine."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema hataenda. Anasema Monsieur Murhula alisema nyumba haivunjwi. Wewe ulisema?"

"Nilisema watu wakiandika majina mengi..."

"Donc ulisema."

Nikatazama karatasi za sahihi mezani. Yeye akaendelea kukausha kikombe kilichokwisha kukauka.

"Mimi nikimuambia aende, ananijibu, Zuhura, wewe unaogopa kwa sababu umezoea kukimbia. Lakini wewe anakusikia. Umuambie aende."

"Komini itaamua mwezi wa tatu," nikasema. "Akitoka sasa, kesho yake wataingia na nyundo. Nyumba yenye mtu ni nyumba. Isiyo na mtu ni matofali tu."

"Umesema vizuri. Umesoma. Lakini mimi ndiye ninamuosha miguu, kaka. Nimeiona. Ile miguu haiwezi hizi ngazi mpaka mwezi wa tatu."

Irma akauliza kwa Kifaransa, "Mnasema nini, nyinyi wawili? Lugha nzuri hiyo."

"Tunasema kahawa yako ni nzuri, Madame," nikamjibu.

Zuhura alinitazama mara moja, akaweka kikombe kabatini.

Siku ile Irma alinisindikiza mpaka mlangoni. Kundi lilikuwa limetangulia barabarani, mwavuli wangu mwekundu wa kuongozea watu uko mkononi mwa mgeni mmoja. Irma alinishika kiwiko.

"Wanataka niende Anderlecht," alisema. "Sijui mtu Anderlecht. Lakini Zuhura si mjinga, naye anasema niende. Wewe unasemaje?"

Vijana, nimesimama mbele ya watu maelfu katika kazi ile na nimeulizwa maswali ya kila aina. Hilo ndilo swali pekee lililohitaji jibu. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisikia dakika kumi kabla, kutoka kwa mtu anayemwosha miguu. Lakini niliwaza pia kituo cha sita bila yeye, na uso wa Godelieve, na zile karatasi za sahihi, na jinsi jina langu lilivyokuwa limeanza kutajwa na watu wa historia mjini hapa, mimi niliyefukuzwa chuo kwa kukosa karatasi. Yote hayo yalipita kichwani kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Subiri kidogo, Madame," nikasema. "Mpaka majira ya machipuko tu."

"Basi nitasubiri," akasema, na akanipigapiga mkono.

Mwezi wa kumi na moja tulifunga msimu, kama kila mwaka. Wakati wa baridi nilikuwa ninafanya kazi ya kupakia masanduku katika ghala moja Anderlecht. Asubuhi metro ilinishusha karibu na zile nyumba za komini, na niliziona, ndefu, za kijivu, madirisha ya chini yana mapazia na taa za njano. Sikuwahi kusimama kuziangalia. Chumba changu kilikuwa Saint-Josse, juu ya duka la Mturuki wa mboga, na kutoka pale mpaka kwa Irma ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilisema kila wiki, nitapita Jumapili. Lakini Jumapili nilikuwa ninalala, au ninapanga foleni katika duka la simu nikijaribu Bukavu. Sikupita hata moja. Sababu ninazo nyingi. Mtu akikosea hakosi sababu.

Sasa nifike kwenye Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu.

Kundi lilikuwa kubwa, watu thelathini na kitu, wengine walisimuliwa habari za bibi na marafiki zao. Asubuhi ile sikuipita njia yangu. Mvua ilinyesha alfajiri, kitanda kilikuwa na joto, na niliijua barabara ile kama kiganja changu. Tulianza vizuri. Nilikuwa na furaha ya kurudi kazini. Kituo cha tano niliwaambia, "Sasa nitawapeleka kwa mtu ambaye atanikosoa, nawaomba mmwamini yeye, si mimi." Wakacheka. Nikageuka kuwaelekea na kuanza kutembea kinyumenyume, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya vikombe, kwa sababu hadithi ilikuwa tamu na nilitaka kuziona nyuso zao. Tulipinda kona hivyo, mimi mgongo mbele.

Nikaziona nyuso zao. Mama mmoja aliyekuwa mbele aliinua macho, tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakalikana. Mume wake akasema, "Ah bon?" Mwingine akavua kofia. Nilikuwa bado ninasema. Nilisema, "Tazameni dirisha la ghorofa ya kwanza." Nao walikuwa wanalitazama.

Nikageuka.

Uso wa nyumba ulikuwa umesimama. Mwanamke wa mchoroni alikuwa pale pale, anavaa glavu yake. Lakini nyuma yake hapakuwa na nyumba. Ukuta ulikuwa umeegemezwa kwa vyuma vizito, na kupitia dirisha la Irma niliona mbingu, na wingu linapita. Mlango ulikuwapo, umefungwa kwa kufuli jipya. Ukichungulia pembeni ungeona shimo, na chini maji ya mvua, na katika ukuta wa jirani alama ya ngazi zilizopanda zamani, mshazari, kama msumeno.

Mtajiuliza nilifanya nini. Nilimaliza matembezi. Nikasema, "Kama mnavyoona, kazi za ujenzi zimeanza," nikawaeleza jinsi mafundi wanavyoweza kubomoa nyumba na kuacha uso wake, nikawapeleka kituo cha saba, cha nane, cha tisa. Mdomo ulikuwa unajua njia. Watu walinipigia makofi mwishoni.

Jumatatu nilimkuta Godelieve chamani akifungua barua za baridi nzima. Alikuwa amekaa kwa dada yake kusini tangu Krismasi na alirudi wiki ile. Alikuwa na karatasi ya komini mkononi. "Tumeshinda," alisema. "Wameamua mapema, wameamuru uso wa nyumba uhifadhiwe. Sahihi zetu zimetajwa." Kisha akaona sura yangu, akauliza, "Irma yuko wapi?" Nikasema sijui. Akabonyeza mashine ya kupokea ujumbe wa simu, ile ya kanda. Zilikuwapo sauti nyingi za watu wakitaka kuandikisha majina. Katikati yao, sauti ya Zuhura, mara tatu, kwa Kifaransa cha taratibu: Tafadhali mwambieni Monsieur Murhula anipigie. Ni kwa ajili ya Madame Irma. Ya tatu ilikuwa kwa Kiswahili. "Kaka, kesho tunamuzika saa tatu. Basi." Kanda ikaendelea na mtu aliyetaka nafasi nne za Pasaka.

Godelieve alizima mashine.

Nilimpata Zuhura siku ya tatu. Alikuwa anatoka kazini kwa mzee mwingine, karibu na uwanja wa Flagey. Tulisimama kando ya banda la mwuza viazi vya kukaanga. Alinieleza kama anavyoandika ripoti.

"Ilikuwa mwezi wa kwanza. Ijumaa nilimuacha vizuri. Jumatatu nimefungua mulango, yuko chini ya ngazi. Alikuwa bado anapumua. Mukono ulikuwa baridi kama wa mutu aliyekufa. Ndoo iko pale, na kitambaa. Alikuwa anapanda kupangusa lile dirisha. Mimi nilishamukataza kupanda, nilimuambia nitapangusa mwenyewe. Alisema anataka liwe safi."

"Mwezi wa kwanza? Hakuna aliyekuwa anakuja mwezi wa kwanza."

"Yeye alijua. Alikuwa anajitayarisha mapema."

Irma alikaa hospitali siku tisa. Hakulalamika. Aliuliza mara moja kama nyumba imefungwa vizuri. Mazishini walikuwapo Zuhura, nesi mmoja, na mtu wa komini aliyekuwa akiangalia saa. Wiki mbili baadaye nyundo zilianza.

Nilitaka Zuhura anitukane. Ningeweza kuyabeba matusi nyumbani. Alisema tu, "Tram yangu ile," akaenda.

Mngetegemea niache kazi, au niifute ile njia. Sikufanya hivyo. Nawaambia hili ndilo ninaloliona baya kuliko yote yaliyotangulia. Nilibaki na kituo cha sita. Nikatengeneza hadithi mpya. Niliwasimamisha watu mbele ya ukuta ule na vyuma vyake, nikawasimulia juu ya mshonaji aliyekataa kuondoka, aliyekufa ndani ya nyumba yake akiitetea, na jinsi ukuta ulivyookoka kwa ushupavu wake. Wengine walilia. Nilijua mahali pa kupunguza sauti. Nilikuwa nimepanga hata jua liangukie wapi. Tangu mwezi wa nne mpaka wa nane nilimsimulia hivyo kila wiki, na kila wiki ikawa rahisi zaidi, na kufika katikati ya kiangazi nilikuwa karibu kuiamini.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, nilihesabu vichwa kituo cha kwanza, nikakuta ishirini na viwili badala ya ishirini na kimoja. Zuhura alikuwa nyuma, amevaa nguo nzuri ya kutokea, mkoba mbele ya tumbo, tiketi mkononi kama wengine. Alinisalimia kwa kichwa. Alitembea vituo vitano bila kusema, akisikiliza kwa makini, akitazama kila nilichoonyesha. Tulipofika cha sita nilifikiria kukiruka. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama.

Nikaanza. Nilifika pale pa bibi aliyekataa kuondoka. Zuhura akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Monsieur," alisema kwa Kifaransa, "nina swali. Huyo bibi hakupewa nyumba nyingine?"

Ninaweza kuwaambia mpaka leo nani alikuwa amesimama wapi. Kulikuwa na wenzi wawili vijana wenye ramani. Kulikuwa na baba mnene aliyekuwa anajipepea kwa kofia. Godelieve mwenyewe alikuwapo, alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kutusikiliza, ameegemea taa ya barabarani. Zuhura hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja jibu.

"Alipewa," nikasema.

"Kwa nini hakwenda?"

"Alitaka kwenda. Aliniuliza mimi. Nilimwambia asubiri."

Baba mnene aliacha kujipepea.

"Nilimwambia asubiri kwa sababu nilimhitaji hapa Jumapili," nikaendelea. "Msaidizi wake alikuwa ameniambia kwamba ngazi zitamuua, nami nilielewa. Alianguka kwenye ngazi akipanda kupangusa dirisha hilo, ambalo mimi ndiye niliyemfundisha kutokea. Hakufa akitetea nyumba. Alilala chini sijui siku moja sijui mbili, kisha hospitali. Ukuta huu ni sahihi zetu ndizo zilizouokoa. Sisi tuliomba nyumba na yeye, tukapewa ukuta."

Ndege walikuwa wanaingia na kutoka katika madirisha yale matupu. Mwishowe yule kijana mwenye ramani akauliza kwa sauti ya chini kama tunaendelea, nikasema ndiyo, tunaendelea. Tukaendelea. Mwishoni hakuna aliyepiga makofi, na wawili walikuwa wamekwisha kuondoka kona za nyuma bila kuaga.

Godelieve alinisogelea. "Utakuwa unaisema hivyo kila Jumapili?"

"Kama utaniruhusu."

"Watapungua."

"Najua."

Alifikiri. "Basi isiwe kituo cha sita," alisema. "Iwe cha mwisho. Watu wasiombwe kutazama milango mizuri baada ya hapo."

Ndivyo tulivyofanya, kwa miaka yote iliyobaki ya njia ile, mpaka ofisi zilipokwisha kujengwa nyuma ya ukuta na watu wenye tai wakaanza kupita katika mlango wa Irma. Walipungua kweli. Waliobaki walitosha. Na tangu siku ile sikusimamisha kundi mbele ya nyumba yenye mtu kabla sijabisha hodi peke yangu, siku ya kazi, bila mwavuli, nikauliza, na nikakubali kuambiwa hapana. Njia zangu nyingi zimepinda kwa sababu ya hapana hizo. Fanyeni hivyo na ninyi. Na mtu akikuuliza swali la maisha yake, usimjibu kama mwongozaji.

Zuhura alikuwa anangoja kituo cha tram. Nilimkuta ameketi, amevua kiatu kimoja, anasugua kisigino.

"Unatembeza watu sana, kaka," alisema.

"Dada, amezikwa wapi?"

Alikivaa kiatu kwanza. "Miezi saba," alisema. "Nilikuwa nasema, ataniuliza lini."

Akanielekeza: makaburi ya komini, lango la pili, kushoto, mstari wa wasio na watu, karibu na bomba la maji. Nilikwenda kesho yake asubuhi. Palikuwa na kibao kidogo cha mbao, namba, na jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Kwenye kengele ya nyumba ile palikuwa na jina la yule mfanyabiashara wa glavu, halikuwahi kubadilishwa. Katika karatasi zetu zote tuliandika Madame Irma. Nilikuwa nimemsimulia kwa mamia ya watu, akiwa hai na akiwa amekufa. Nilipiga magoti kwenye majani yenye umande, nikasoma jina lake la ukoo kwa mara ya kwanza.